Jibu: Jean Grey alikufa au hakufa?
Mkuu umeuliza inakuwaje Jean Grey wa X-Men, lile kundi la mashujaa kwenye vitabu vya katuni vya Marvel, afe 1980 halafu 1986 arudi mzima. Waandishi walisema aliyekufa mwezini hakuwa Jean, ni Phoenix, nguvu ya angani iliyochukua sura yake, Jean mwenyewe muda wote alikuwa amefungiwa kwenye kifuko chini ya maji ya Jamaica Bay, New York. Mimi siikubali, kwa sababu kile kifo kilikuwa kizito maana alijitoa mwenyewe baada ya kuangamiza sayari yenye mabilioni ya viumbe, sasa ukisema hakuwa yeye si umefuta toba yote ile?

Na Scott, yaani Cyclops, kiongozi wa X-Men aliyekuwa mpenzi wa Jean, ndo walimharibu kabisa, jamaa ana mke, Madelyne, ana mtoto mchanga, anasikia Jean yupo hai tu huyoo anawaacha, yani huyo sio Cyclops tuliyemjua aliyekuwa anatanguliza wajibu.