Barua kwa mwanangu: ile hela ya kurudi

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma mara tatu, ile unayouliza wewe na mkeo mkitaka kwenda kukaa nje mwaka mzima na watoto muwe na akiba ya kiasi gani. Nikachukua karatasi nikaanza kupiga hesabu, kodi ya nyumba mara 12, shule, chakula, nauli, nikafika katikati nikaiweka pembeni. Hiyo utaiweza kuliko mimi, kichwa cha hesabu ulikitoa kwa baba yako. Mimi nataka nikwambie habari ya hela ya kurudi, ile ya tiketi za kurudi nyumbani.

Hela ya kurudi haiguswi. Umenisikia nikisema hivyo tangu uko shule na hujawahi kuniuliza kwanini, au labda unajua ukaamua kunyamaza.

Si unaikumbuka ile nyumba yenye uwanja nyuma, mwaka ule baba yako alipoenda kusoma tukamfuata wote? Kabla ya hapo tulikuwa kwenye chumba kimoja ghorofa ya 4, nyie wawili godoro moja, mdogo wako anakohoa usiku kucha mpaka jirani anagonga ukuta. Tukasikia kuna nyumba, lakini mwenyewe anataka kodi ya miezi 3 na dipoziti ya miezi 2 juu yake, na akiba yetu ya kuanzia ilikuwa imeshaliwa. Baba yako akasema tuvumilie. Mimi ndo nilisema tuchote kwenye hela ya tiketi, tutairudisha kidogo kidogo, miezi miwili tu itakuwa imekamilika. Mimi, sio yeye. Na yeye hajawahi kunitamkia hata siku moja, ndo maana inaniuma zaidi.

Haikurudi. Kila mwezi kulikuwa na kitu, nguo za baridi, vitabu, halafu mdogo wako akavunjika mkono mwezi wa tano ndo tukagundua bima tuliyokata ilikuwa ya safari isiyozidi siku 90, sisi tulishapitiliza zamani, daktari tukamlipa mfukoni. Mwezi wa nane ikaja simu kwamba bibi yako kazidiwa. Tiketi ya kuondoka kesho yake ilikuwa karibu mara tatu ya ile tuliyoendea. Kilichokuwepo kilitosha mtu mmoja.

Nilimkuta bado anaongea. Akaniuliza watoto wako wapi, nikamwambia wanakuja. Kesho yake akauliza tena, nikamwambia wako njiani. Siku ya tatu hakuuliza.

Halafu hapohapo huwa najibishana mwenyewe. Ule uwanja ndo ulijifunzia baiskeli, na mdogo wako wiki mbili tu kikohozi kikakata, na nakumbuka jioni zile mnaingia ndani mmejaa majani kichwani mnacheka mpaka mnashindwa kula. Tungebaki kule ghorofani na tiketi zetu nne kamili, leo si ningekuwa naandika kwamba nilibania hela mtoto akateseka? Sijui. Nadhani kosa halikuwa nyumba, kosa lilikuwa kutoihesabu nyumba kabla hatujaondoka. Watu wanagawanya matumizi kwa miezi 12 kana kwamba yanakuja kwa foleni, kumbe mwanzoni ndo mnamwaga, dipoziti, kodi ya mbele, vyombo, ada, na mshahara wa huko kama upo bado haujaanza kuingia. Kwahiyo wekeni fungu la kuanzia peke yake. Lakini hata hivyo tungeweza kuvumilia mwezi mmoja zaidi, baba yako alisema.

Basi hela ya kurudi iwe kwenye akaunti ya pembeni isiyo na kadi, na muikadirie kwa bei ya tiketi ya dharura, ya kukata leo kuondoka kesho, sio bei ya ofa, kila mtu na kiti chake. Msiichanganye na ile hela ya kuonyesha mnayo benki kwenye maombi ya viza, maana nchi nyingi zinataka kuona mnaweza kujitunza na hiyo itakuja kuliwa tu. Na jamani msikope ya kuonyesha.

Mengine unayajua, nataja tu niwe na amani. Bima someni ile sehemu ya siku, sio bei tu. Mkichagua nchi za Schengen, zile za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, bila viza ya muda mrefu au kibali cha kuishi ni siku 90 ndani ya kila siku 180, na kutoka nchi moja kuingia nyingine iliyo humohumo Schengen hakuanzishi hesabu upya. Kodi ya mapato nayo, nchi nyingi ukipitisha siku 183 kwa mwaka wanakuhesabu kama mkazi, na mkeo atakuwa anaendelea na kazi yake kwa kompyuta, ulizeni mapema msije kushtukizwa. Na mashine ya benki ikikuuliza ukatwe kwa hela ya kwenu au ya pale, chagua ya pale, hiyo nyingine wanakupangia bei ya kubadilisha hela wanavyotaka wao.

Sasa najua unasubiri niseme nendeni au msiende. Jana usiku nilikuwa nimeshaliandika jibu nikalifuta. Watoto wako umri huu ndo wenyewe, wanashika lugha bila kufundishwa, na wewe mwenyewe ule mwaka ulikufungua macho, hilo siwezi kukataa. Ila mimi sio mtu wa kuulizwa hilo mwanangu, saivi mimi ndo bibi. Amueni wenyewe, mimi nimesema ya kwangu kuhusu hela ya kurudi.

Angalia pasipoti ya yule mdogo uniambie inaisha lini, za watoto sehemu nyingi ni miaka 5 tu, na nchi nyingi wanataka ibaki na miezi 6 mbele ndo wakupokee. Ya mkubwa mliikata lini? Baba yako anasema ilikuwa kabla mdogo hajazaliwa, mimi nasema baada.

Mama yako