Barua kwa mwanangu: Umeuliza kama imani yako ni ndogo

Mwanangu,

Ujumbe wako wa saa nane usiku nimeusoma alfajiri, maji ya chai yakiwa bado motoni. Umeniuliza: "Mama, naomba kila siku na usingizi hauji. Mkataba wa kazi unaisha mwezi ujao na kodi inakaribia. Je, imani yangu ni ndogo?" Tena ukasema kuna mhubiri huko Dar amewaambia wasiwasi ni dhambi.

Asikutishe. "Msijisumbue kwa neno lolote" Paulo aliwaandikia Wafilipi akiwa kifungoni. Katika barua hiyohiyo, sura ya 2, anaeleza jinsi Epafrodito alivyougua karibu na kufa, na kwamba anamrudisha kwao upesi ili yeye mwenyewe apunguziwe huzuni. Nao Wakorintho aliwatajia kukesha mara nyingi. Kwa hiyo ukiwa macho usiku, hujatoka kundini.

Nikwambie jambo ambalo baba yako ndiye peke yake alilijua. Mwaka 1998, mvua za El Niño zilitukuta na shamba zima la kabichi. Wewe ulikuwa na miezi saba. Kifusi kilifunga barabara ya kushuka Mombo, malori hayapandi Lushoto, kabichi zinaoza shambani, harufu inaingia mpaka chumbani. Mbolea tulikuwa tumekopa. Kila usiku nilipiga magoti nikasema, "Bwana, utusaidie," kisha nikarudi kitandani kuhesabu boriti za paa.

Usiku mmoja nikausoma ule mstari wa Paulo kwa Wafilipi hadi mwisho: "haja zenu na zijulikane na Mungu." Nikaona aibu, maana haja yenyewe sikuwahi kuitaja. Nilichukua risiti ya mbolea, nikaandika nyuma yake kwa penseli: deni Sh 84,000, nimwogopaye ni mwenye duka, ninachoogopa ni kudhalilishwa sokoni. Hilo la tatu ndilo lilikuwa linaninyima usingizi, fedha zilikuwa kisingizio.

Ila mstari unasema pia "pamoja na kushukuru." Hapo nilikwama. Nishukuru nini, kabichi zilizooza? Nikaangalia taa ya chemli, mafuta yalikuwa nusu. Nikaandika: mafuta ya taa. Jirani alikuwa ameniachia kibuyu cha maziwa mlangoni bila hata kubisha hodi, nikaandika. Wewe ulikuwa unakoroma mgongoni kwangu kama mzee, nikaandika. Shukrani si kumpaka Mungu mafuta kwa mgongo wa chupa ili afungue mkono. Mimi ilinikumbusha tu kwamba nyumba ile haikuwa na deni peke yake.

Nililala. Asubuhi deni lilikuwa palepale, lakini niliweza kwenda dukani kwa miguu yangu. Mwenye duka alinifokea mbele ya watu, ndiyo, kisha akanipa muda hadi mavuno ya maharage. Tulilipa kwa mafungu matatu, na lile la mwisho lilichelewa.

Jaribu hivyo. Andika kwa mkono, simu iweke mbali, maana ukiishika tu utaangalia salio. Usiombe kwa maneno ya mkutano wa injili. Sema kama unavyosema nami.

Na kama wiki mbili zitapita usingizi haupo na chakula hakipiti, nenda hospitali ukamweleze daktari hivyohivyo. Paulo alisafiri na Luka, akamwita "tabibu mpendwa." Sijaona mahali alipomwambia afunge mkoba wake kwa sababu maombi yanatosha.

Nimekufungashia mapeasi na maharage kidogo, konda atakupigia akifika. Mapeasi ya chini bado magumu, yaache siku mbili tatu.

Halafu mwanangu, nimeusoma ujumbe wako mara tatu na sijaona ni kodi kiasi gani, wala tarehe. Ni kiasi gani?

Mama yako