"Bila kutaja jina" ndiyo kutaja kwenyewe: kwa viongozi wapya wa vijana

Bwana asifiwe wapendwa. Nimekaa kwenye vikao vya viongozi wa vijana hapa Mbeya miezi hii, na kuna mambo nikiyasikia natamani nitoke nje nikapige kelele, maana ni yale yale tuliyoharibu sisi, mnayarudia kama vile mlikabidhiwa pamoja na mafaili ya ofisi. Nawapenda, mna moto kweli, mkesha mnaumaliza bila kusinzia, ila kwenye vikundi vidogo mnatuua. Haya tuanze.

1. Kikundi sio ibada ya pili. Umekusanya watu wanane sebuleni kwa mtu pale Iyunga, halafu unasimama, unasafisha koo, unahubiri saa nzima! Paulo alirefusha neno kule Troa mpaka Eutiko akasinzia dirishani akaanguka kutoka ghorofa ya tatu (Matendo 20), na yeye alikuwa na upako wa kushuka akamfufua, wewe je? Uliza swali kisha nyamaza. Wakikaa kimya usijijibu mwenyewe, kuna mtu atakohoa, huyo ndiye ataanza.

2. Jueni kalenda ya watu wenu. Novemba form four wako kwenye mtihani, Mei form six, mvua zikianza nusu ya kikundi wako Mbozi na Rungwe wanasaidia wazazi shamba, halafu kiongozi anaandika kwenye daftari la mahudhurio "amepoa kiroho". Amepoa nini, mwenzio anapanda mahindi! Mpigie simu.

3. Siri. Hapa naomba tukae kidogo.

Juzi kwenye kikao mmoja wenu kaanza, "jamani tumwombee ndugu yetu mmoja, bila kutaja jina..." na mimi tumbo likanikata pale pale, maana hiyo sentensi naijua, niliwahi kuitamka.

Nilikuwa naongoza kikundi cha vijana wa kiume, na tulishafika ile hatua watu wanaongea ukweli, sio "niombeeni nikue kiroho". Jioni moja kijana wetu wa kinanda akafunguka kwamba anabeti, kila wikiendi mikeka, na hela ya ada aliyotumiwa na mama yake imechanika yote na mikeka, mama bado hajui. Alilia. Tukamwombea, nikamwambia hii imeishia hapa, na nilimaanisha kabisa. Wiki hiyo hiyo tukawa na maombi ya viongozi, kila mtu anatoa hoja zake, zamu yangu ikafika na niseme tu ukweli, nilitaka wajue kwamba kwangu watu wanafunguka, kwamba mimi sio lida wa kuhesabu vichwa. Nikasema kuna kijana mmoja, bila kutaja jina, yuko timu ya sifa, ana kifungo cha kubeti mpaka ada imeondoka, tumshike mkono. Timu ya sifa wakati huo wanaume walikuwa wawili na mmoja ana wajukuu. Bora hata ningetaja jina, ningeonekana nina adabu.

Haikupita muda. Mama mmoja wa maombi, kwa upendo kabisa, akampigia mama wa yule kijana kumtia moyo. Kumtia moyo! Ndivyo mama alivyojua ada imeliwa. Jumapili kinanda kimefunikwa na kitambaa chake, tunaimba mapambio kwa makofi, watu wananiangalia mimi eti kijana wako yuko wapi. Nilimfuata kwao Uyole kuomba msamaha. Alinipokea vizuri, chai nikapewa, akasema "yameisha kaka", na kweli yaliisha maana kwenye kikundi hakurudi tena. Siku hizi anapiga kinanda kanisa lingine, tukikutana Mwanjelwa ananisalimia, anauliza watoto hawajambo, basi, kila mtu na njia yake. Waliobaki wakarudi kwenye "niombeeni mitihani". Hakuna aliyenigombeza, wala hakuna aliyefunguka tena mpaka nakabidhi kile kikundi.

Kwa hiyo ukitaka kumwombea mtu mbele ya wengine muulize yeye kwanza, akikataa mwombee chumbani kwako, Mungu huko anasikia. Na grupu la WhatsApp la viongozi ni mbele ya wengine pia, msijitie hamjui. Ila msinielewe vibaya, siri ina mpaka na mpaka huo waambieni siku ya kwanza kabisa: mtoto anafanyiwa ukatili, mtu anataka kujidhuru, hayo hayabaki kwenye kikundi. Unamwambia mhusika hili siwezi kulibeba peke yangu, mnaenda kwa mchungaji, na kama ni mtoto kuna namba 116 ya kupiga bure na kuna dawati la jinsia na watoto polisi. Kufunga na kuomba siku tatu huku mtoto anaumizwa nyumbani sio imani, ni uoga.

4. Dada alelewe na dada. Ikilazimu kaka ndiye aongee naye, kaeni mahali watu wanapita.

5. Hela ya kikundi ishikwe na wawili na iandikwe, hata kama ni ya viazi na chai.

6. Hii ni ya nyie wa vyuoni hasa, chuo kikuu cha MUST hapa na wenzenu wa chuo cha Mkwawa kule Iringa. 2 Timotheo 2:2 mnaikariri vizuri ila ihesabuni: Paulo, Timotheo, watu waaminifu, na wengine, vizazi vinne vya kufundishana mstari mmoja. Nyie mnaishia cha kwanza, mnahitimu, kikundi kinakufa, halafu mnasema wadogo zetu hawana kiu. Mpe wa mwaka wa kwanza aongoze somo mapema. Ataharibu. Wiki inayofuata mpe tena, na usikae pembeni unamsahihisha kwa macho.

7. Malizeni kwa wakati. Baridi ya Juni na Julai mnaijua, na kuna dada anarudi Isyesye usiku bajaji hazipo. Ukirefusha, nauli ya boda inatoka mfukoni kwako kiongozi, sio kwenye sadaka.