Ukimtafuta Mateka wa Kivita wa Australia, Usiishie Changi

Familia nyingi za Australia zilizokuwa na mtu aliyetekwa na Wajapani hukupa jibu moja: "Alikuwa Changi," yaani kambi ya mateka kule Singapore. Nami sikupewa zaidi ya hilo nilipoanza kufuatilia maisha ya babu yake mume wangu, askari wa Perth katika batalioni ya 2/4 ya bunduki za rashasha.

Singapore ilianguka tarehe 15 Februari 1942, na Waaustralia wapatao 15,000 wakatekwa hapo. Changi ndiko walikokusanywa. Lakini wengi hawakukaa. Walipelekwa kazini kwa makundi yaliyopewa herufi, na herufi hiyo ndiyo unayoitafuta kuliko kitu kingine chochote. Kundi A lilikwenda Burma Mei 1942. Kundi B lilipelekwa Sandakan, kisiwa cha Borneo. Kundi F lilipanda Thailand mwaka 1943, likatembezwa kwa miguu usiku hadi kwenye kambi za mpakani, kipindupindu kikalikuta huko. Reli ya Burma na Thailand waliyojengeshwa mateka, kilomita 415, iliua Waaustralia zaidi ya 2,800. Na kati ya Waaustralia na Waingereza karibu 2,400 waliokuwa Sandakan mwanzoni mwa 1945, walinusurika 6 tu, wote Waaustralia waliotoroka. Ndiyo maana nasema "alikuwa Changi" bado si habari.

Anza na namba yake ya jeshi. Herufi za mwanzo zinaonyesha jimbo alikoandikishwa: WX ni Australia Magharibi, NX ni New South Wales, VX ni Victoria. Usidhani ndiko alikozaliwa. Ukiwa na namba, ingia tovuti ya Nyaraka za Taifa za Australia, tafuta mfululizo B883, ambamo yamo mafaili ya askari wa kujitolea wa Vita vya Pili.

Faili lenyewe litakuumiza kwa ufupi wake. Mwaka 1942: hajulikani alipo. Baadaye: ni mateka. Kisha 1945: amepatikana kutoka kwa Wajapani, Siam. Siam ndiyo Thailand, kwa hiyo tafuta kwa majina yote mawili. Miaka mitatu na nusu ya mtu imebanwa kwenye mistari michache ya mhuri! Basi geukia kurasa za hospitali. Ukiona BT, hiyo ni aina ya malaria, na sisi tuliokulia Tanga hatuhitaji kuelezwa homa hiyo inavyomfanya mtu, sembuse mwenye njaa anayepasua mawe. (Wazee wetu wa Keya, jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza, nao walifika Burma, 1944, kupigana. Wenye babu wa namna hiyo, kama wangali hai, waulizeni.)

Yaliyobaki utayapata kwenye magazeti ya zamani katika Trove, hifadhi ya mtandaoni ya Maktaba ya Taifa ya Australia, yaliyochapisha majina ya waliopotea na waliorudi. Kama alifia huko, tafuta makaburi ya Kanchanaburi, Thanbyuzayat au Labuan katika orodha za Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola.

Na tafadhali, soma faili lote peke yako kabla ya kulipeleka kwa wazee. Mama mkwe alitaka kujua baba yake alipita kambi zipi, si zaidi. Nilimchorea njia kwenye ramani, na kurasa za ugonjwa nikaziweka kwenye bahasha yake, azifungue akitaka.