Printa imegoma baada ya kuapgredi? Usikimbilie kupiga kompyuta upya

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nina steshenari Sinza, natumia mfumo wa Ubuntu na printa ya HP LaserJet P1102. Jumapili niliapgredi kutoka 22.04 kwenda 24.04. Tangu Jumatatu nikiprinti, kazi inaonekana imetumwa lakini karatasi haitoki. Fundi mmoja anasema bodi ya printa imeungua. Mwingine anataka elfu thelathini apige kompyuta upya, yaani afute kila kitu na kuweka mfumo upya, na kuzima apdeti zote. Nifanyeje?

JIBU: Dada yangu, usimlipe hata mmoja. Printa iliyochapa vizuri Jumamosi ikagoma mara tu baada ya kuapgredi, anza na programu, bisibisi iweke chini.

P1102 inategemea plagini ya HP ambayo haiji pamoja na Ubuntu, na toleo la plagini lazima lilingane na toleo la HPLIP, programu inayoendesha printa za HP kwenye Ubuntu. Ubuntu 22.04 ilikuwa na HPLIP 3.21.12, 24.04 ina 3.23.12. HPLIP imepanda, plagini imebaki nyuma. Washa bando, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), andika hp-plugin, ukubali masharti. Ikimaliza, chomoa waya wa printa uchomeke tena. Kama bado, andika lpstat -p. Ikikuonyesha foleni imezimwa, iwashe kwa cupsenable ukifuatisha jina la printa.

Sasa hili la kupiga upya. Kila wiki naletewa kompyuta iliyopigwa upya kwa tatizo la dakika kumi, na mwenyewe amepoteza vyeti vya wateja, barua na hesabu za duka. Fundi aliyeipiga hakufungua hata /var/log/apt/history.log, faili linaloandika pakiti (programu) ambazo apt, kisakinishi cha Ubuntu, imezibadilisha, tarehe na saa. Hakusoma /var/log/cups/error_log, ambako mfumo wa uchapaji huandika ulipokwama. Amefuta ushahidi wote, kisha anaita hayo matengenezo.

Kuzima apdeti ndiko kunakoniumiza zaidi. Chukua mfano wa Windows: Julai 2021 Microsoft ilitoa kiraka cha dharura cha PrintNightmare, tundu katika huduma ya uchapaji ya Windows lililomwezesha mvamizi kuitawala kompyuta. Septemba mwaka huohuo apdeti nyingine ya usalama ikavuruga uchapaji wa mtandao katika ofisi nyingi, kwa hitilafu 0x0000011b. Njia sahihi ilikuwa kuapdeti kompyuta zote mbili, ile yenye printa na ile inayotuma kazi. Mafundi wengi waliiondoa tu apdeti, karatasi zikatoka, mteja akashukuru, na mlango ukabaki wazi.

Steshenari yako inachomekwa flashi za watu usiowajua kutwa nzima. Kompyuta ya namna hiyo ndiyo ya mwisho kabisa kuzimiwa apdeti. Ukihofia pakiti moja, izuie hiyo peke yake kwa amri ya apt-mark hold, tena kwa muda, na uapgredi siku ambayo hufungui duka. Na fundi akikwambia kitu kimeungua, mwambie akuonyeshe alichokiona kabla hajagusa chochote.