Maswali na Majibu: Nabi mnayemlilia ndiye mliyetaka afukuzwe

Barua nyingi za juma hili zinamhusu Nasreddine Nabi, Mtunisia aliyeifundisha Yanga kuanzia Aprili 2021 hadi Juni 2023. Nimechagua chache.

Shikamoo mzee. Nina miaka 17. Nyumbani kwetu Tandika, kila Yanga ikitoka sare baba husema, "Angekuwepo Nabi!" Alikuwa na nini hasa?

Marahaba, mwanangu. Mpe baba salamu zangu, kisha umuulize kwa adabu alikuwa akisema nini Septemba 2021. Mwezi huo Rivers United ya Nigeria iliitoa Yanga mapema katika Ligi ya Mabingwa kwa kuifunga 1-0 hapa na 1-0 kwao. Siku ya pili yake nilikuwa kwa kinyozi wangu Kariakoo, kichwa kimenyolewa nusu, mwenyewe akazima mashine ili apate mikono miwili ya kunieleza kwa nini kocha huyo apandishwe ndege usiku uleule. Waliokuwa wakisubiri zamu kwenye benchi waliafiki wote. Julai Nabi alikuwa ameshafungwa na Simba 1-0 katika fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nchini kule Kigoma, kwa hiyo mashtaka yalikuwa yametimia.

Hakuna aliyejali kwamba Diarra, Aucho, Bangala, Djuma Shaban na Mayele walikuwa wamesajiliwa dirisha lile lile na walikuwa bado wanazoeana. Uongozi haukumfukuza. Msimu huo huo wa 2021/22 Yanga ilitwaa ubingwa bila kupoteza mchezo hata mmoja wa ligi, ikaipokonya Simba taji ililolishikilia kwa misimu minne mfululizo. Msimu uliofuata ikalitetea na kufika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Nabi alikuwa na ujuzi, hilo halina ubishi, lakini alikuwa pia na kitu ambacho makocha wengi wa mji huu hawapewi, nacho ni Septemba ya pili. Kinyozi wangu siku hizi amebandika picha yake juu ya kioo, na mimi nimekuwa na heshima ya kutomkumbusha.

Ile 5-1 tuliyomfunga Simba, Nabi alipanga kikosi gani?

Hakupanga chochote, kwa sababu hakuwepo. Mchezo ule ulichezwa Novemba 5, 2023 na kocha alikuwa Miguel Gamondi. Swali hili naletewa kila mwezi, na kila mwezi jibu ni hilo hilo. Tazameni tarehe kabla ya kuandika.

Ni kweli Yanga ilifikia rekodi ya Arsenal ya Wenger?

Kwa hesabu ya michezo ya ligi bila kufungwa, ndiyo: 49 kwa 49. Arsenal ilikomea Old Trafford Oktoba 2004 kwa kufungwa 2-0 na Manchester United. Yanga ilikomea Mbarali Novemba 29, 2022 kwa kufungwa 2-1 na Ihefu, na siku hiyo hiyo nilisikia watu wazima wakisema kocha ameishiwa mbinu.

Mechi gani ya Nabi unaikumbuka kuliko zote?

Watu wengi hutaja fainali. Mimi naikumbuka Tunis, Novemba 9, 2022. Yanga ilikuwa imetolewa na Al Hilal ya Sudan katika Ligi ya Mabingwa, ikaangukia mchujo wa Kombe la Shirikisho Afrika na kutoka 0-0 hapa nyumbani na Club Africain, na mjini watu walikuwa wameanza kupeana pole. Nilitazama kwenye banda umiza la Buguruni. Muuza kahawa aliyekuwa akigonganisha vikombe mlangoni aliacha kuvigonganisha kipindi cha pili kilipoanza, na Aziz Ki alipofunga bao pekee aliliacha birika juu ya jiko lake, akaingia ndani bila kiingilio. Hakuna aliyemtoa.

Fainali ya Shirikisho Afrika na USM Alger ya Algeria iliisha kwa jumla ya 2-2. Kwa nini hawakupiga penalti?

Kwa sababu ya bao la ugenini. Tulifungwa 2-1 hapa, tukashinda 1-0 kwao; jumla ikilingana, aliyefunga mengi ugenini ndiye mshindi, nao walifunga mawili kwetu, sisi moja kwao. UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, iliifuta kanuni hiyo mwaka 2021, CAF, la Afrika, ilikuwa bado inaitumia. Kwa kuwa mmeitaja fainali hiyo, msisahau kwamba Mei 28, 2023 mtu mmoja alipoteza maisha katika msongamano nje ya Uwanja wa Mkapa. Nunueni tiketi mapema, nendeni mapema, na watoto wadogo waacheni nyumbani siku ambayo mji mzima unaelekea Temeke.

Mzee unatetea sana makocha kukaa. Mbona Nabi ameondoka na ubingwa bado tunauchukua?

Swali zuri, na limenikera kidogo. Ni kweli, mataji ya 2024 na 2025 yalikuja Jangwani, makao ya Yanga, bila yeye. Lakini hesabu ni nani waliokuwa uwanjani: Diarra, Aucho, Job, Mwamnyeto, Mudathir, wote ni vijana aliowaacha Nabi wakiwa wamekomaa pamoja. Msimu wa 2024/25 ulianza na Gamondi, ukapita kwa Ramovic, ukamalizwa na Hamdi. Makocha watatu walikula shamba la mtu mmoja.

Nabi arudishwe lini?

Siku kocha aliyepo atakapofungwa, kama kawaida yenu.