Usizungumzie bosti kabla ya kupima mgandamizo

Juzi mdogo wangu mmoja wa Mbagala kaniandikia: "Kaka shikamoo. Nina Altezza, fundi anasema ananifungia tabo gari iwe moto. Nitoe hela?" Nilishamjibu, ila swali hili haliishi, nanyi wengine mnalo moyoni, najua.

Mimi sasa naendesha Forester ya tabo, yaani turbo, pampu ya kuisukumia injini hewa. Kabla yake nilikuwa na Mark II ya injini ya 1JZ isiyo na tabo, na kila kijiwe cha mafundi nilichopita pale Ilala niliambiwa niifungie. Nikakataa. Wakaniita mwoga, mmoja akaniambia mbele za watu nikanunue Vitz. Sijasahau. Mwezi uliopita tuliongozana naye hadi Mbeya, yeye na gari yake isiyo na tabo, na kuanzia milima ya Iringa nikawa namsubiri. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko ya Dar. Injini inayojivutia hewa yenyewe lazima ilegee. Ya tabo inasukumiwa hewa, kwa hiyo upungufu huo haiusikii sana. Mwenzangu alilaumu mafuta.

Tabo inazungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, nayo inasukuma hewa ndani. Hapa Dar hewa tunayovuta ina presha ya kama bar 1. Presha inayoongezwa na tabo juu ya hiyo ndiyo bosti. Geji ya bosti ikisoma 0.5, injini inapokea bar 1.5. Kwa hesabu za karatasi hiyo ni hewa nusu zaidi, inayochoma petroli nusu zaidi, na injini ya nguvu za farasi 200 inaisogelea 300. Kwa karatasi tu. Hewa ikisukumwa inapata joto na kupanuka, ndiyo maana kuna intakula ya kuipoza. Ya Forester imekaa juu ya injini, chini ya lile tundu la boneti. Kaa foleni ya Mwenge mchana wa Januari, kisha foleni ikifunguka ukanyage mafuta, utaona gari inavyozubaa, maana intakula imeshapashwa na injini iliyo chini yake.

Sasa mgandamizo. Injini ya Altezza RS200, 3S-GE, ina uwiano wa mgandamizo unaozidi 11:1, yaani pistoni inabana hewa zaidi ya mara 11. EJ205, injini ya Forester ya tabo, ni 8:1. Hata Toyota, 1JZ ya VVT-i yenye tabo wameiacha 9:1, wakati isiyo na tabo ni 10.5:1. Hawakushusha kwa bahati mbaya. Hewa iliyokwisha kusukumwa na tabo ukiibana tena mara 11, joto linapanda mpaka mchanganyiko unalipuka wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia. Injini inagonga, na isipoachwa, pistoni inatoboka.

Mwaka 1962 Oldsmobile ya Marekani ilitoa Jetfire, tabo juu ya mgandamizo wa 10.25:1. Ilibidi injini inyunyiziwe maji yaliyochanganywa na methanoli ili isigonge. Wenye magari wakawa hawajazi tangi la dawa hiyo, na gari haikufika mbali. Kiwanda kizima kile! Fundi wako ana dawa gani?

Utaniambia gari za siku hizi zina tabo na 10:1. Kweli, lakini nozeli zake zinapuliza petroli ndani ya silinda yenyewe, ikipoza hewa mle mle, na kompyuta yake imepangwa kwa ajili ya tabo tangu kiwandani. Altezza yako haina hayo.

Vijana, tunapenda mlio wa tabo kuliko injini. Pima kwanza kama injini bado inabana inavyotakiwa. Fundi anatoa plagi, anaingiza geji ya mgandamizo kwenye tundu lake, anapiga stata, anasoma silinda moja moja. Silinda ikipungua kwa zaidi ya asilimia 10 ukilinganisha na wenzake, ringi au valvu zimechoka, na bosti itamalizia kilichobaki. Gari zetu ni mtumba, usiamini kilomita za dashibodi. Pima. Bosti ni mazungumzo ya baadaye.

Kwa mdogo wangu wa Mbagala: hela hiyo iweke, tafuta gari iliyotoka kiwandani na tabo yake, kompyuta yake na intakula yake. Na hiyo nayo ipimwe kabla hujalipa, injini ikiwa ya moto, wewe ukiwa umesimama hapo hapo unaisoma geji mwenyewe.